Alama ya Kutojali

Cane Fork, Alabama
3 Juni 1979

Kwa mdogo wangu Leander,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, isipokuwa Shangazi Vashti. Nyonga imekataa kabisa kupanda ngazi za kanisa, kwa hiyo mashemasi wanambeba kwenye kiti kila Jumapili, na amenogewa hasa, siku hizi anawaamuru wazunguke njia ya mbali ili watu wamwone. Mitini imeanza kuzaa na ndege wananitangulia kama kawaida yao. Juzi nilipangusa kabati la Mama. Kile kiatu chake kimoja bado kiko juu pale pale. Nimekipiga kiwi nikakirudisha.

Sasa sikiliza. Cephus Tolliver, mwana wa Eulalie, kijana wetu wa Kanisa la Mlima Gileadi, yuko huko kwenu anachezea timu yenu ya besiboli, Wavunaji! Nimeagiza gazeti la mji wenu, linanifikia baada ya siku tano likiwa limekunjamana kama limelaliwa. Na wewe ndiwe unayekaa kile kijumba cha juu uwanjani na penseli, mwandishi rasmi wa mchezo, unayeamua kila tukio liandikweje daftarini. Ee Bwana, katika Marekani yote hii, mtoto niliyemfundisha Zaburi akaenda kukimbia mbele ya penseli ya mdogo wangu!

Shangazi Vashti hajui besiboli, nikamweleza hivi. Mkimbiaji amesimama kituo cha kwanza. Mrushaji akianza tu kumrushia mpigaji mpira, kijana anachomoka mbio kwenda kituo cha pili. Mdakaji, aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji, lazima aurushe mpira huko upesi wamnase. Kijana akiuwahi, basi kaiba kituo. Shangazi akauliza, "Na polisi wanatazama tu?"

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Huyu wetu ameshaiba mara arobaini na nne, na Juni ndiyo kwanza imeingia. Rekodi ya ligi yenu ni mia na kumi na saba, tangu mwaka 1931. Hata mimi sishangai. Darasani kwangu alikuwa ameshatoka mlangoni kabla neno Amina halijafika kwenye "na".

Mtazame vizuri kwa niaba yangu, kisha uniandikie. Usinipigie simu. Kwenye simu huwa unakohoa tu.

Dada yako,
Ozella


Wapsie Falls, Iowa
16 Juni 1979

Dada,

Barua imefika, ahsante. Sisi wazima. Geraldine anakusalimu, amejiunga na kundi la kushona mablanketi ya viraka na sasa hakuna kitambaa kilicho salama humu ndani, hata pazia la bafuni limeondoka. Mimi mchana bado napima malori ya mahindi kwenye mizani. Jioni naenda uwanjani.

Kuhusu kile kiatu: kitupe. Mtu mzima anahifadhi kiatu kimoja kwa ajili gani? Mama alikuwa na miguu miwili.

Kuhusu Tolliver, nitasema jambo moja kisha sitalirudia, kwa sababu mwandishi wa mchezo hana mpenzi wala adui. Kijana hakimbii kwa miguu. Anaanza kwa kidevu. Kidevu kikishuka kidogo, ujue ameshaondoka, na mrushaji bado anajikuna. Nimekaa kijumbani humu miaka kumi na saba na sijawahi kuona kitu kama hicho. Jana aliiba kituo cha pili, akaiba cha tatu, halafu akasimama pale akifunga kamba za viatu kama mtu anayesubiri chai. Wakulima wote jukwaani walisimama. Mmoja alimkumbatia mwenzake waliyenuniana tangu mwaka 1958 kwa sababu ya uzio.

Basi, yatosha.

Leander


Cane Fork, Alabama
22 Julai 1979

Mdogo wangu,

Hatujambo. Joto limezidi, kuku wamegoma kutaga. Shangazi Vashti anasema nyonga imepona lakini kiti hakiachi.

Barua yako nimeisomea kanisa zima. Pale pa kidevu Mchungaji Lovelace alinisimamisha nirudie. Sasa watoto wote wa Cane Fork wanatembea wakiwa wameinamisha videvu, na wawili wameshagonga nguzo.

Jumapili tarehe 14 Oktoba ni Kurudi Nyumbani, siku ambayo kila mtoto wa Mlima Gileadi aliyetawanyika hurudi tule pamoja. Mwaka huu tunamsherehekea Cephus. Wanawake tunaoka keki ya mraba mweupe mfano wa kile kifuko cha kituo, ukubwa wa mto wa kulalia. Shemasi Hosea amekwisha kupaka ubavuni mwa basi la kanisa maandishi makubwa: 118. Nilimwambia, "Hosea, kijana yuko themanini na nane, si ungesubiri?" Akasema rangi ilikuwa inakaukia koponi.

Nawe uje, Leander. Ni miaka thelathini na mitatu tangu uondoke. Kila mwaka nakualika, na kila mwaka unaandika "kazi". Hata mazishi ya Mama ulituma maua. Yalikuwa mazuri mno, yalilizidi jeneza, ikabidi watu wachungulie pembeni kumwona marehemu. Lakini maua hayana uso.

Njoo.

Ozella


Wapsie Falls, Iowa
20 Agosti 1979

Dada,

Natumaini joto limepungua. Huku hatujambo. Geraldine amemaliza blanketi la kwanza; nimeliona pazia langu ndani yake.

Nina habari mbili. Ya kwanza, Oktoba haitawezekana. Kazi.

Ya pili utaisoma gazetini, afadhali uisikie kwangu. Ijumaa tarehe 17, Tolliver alikuwa ameshaiba vituo mia na kumi na saba, ameifikia rekodi. Ikaja zamu ya mwisho ya mchezo, Wavunaji tuko nyuma kwa mikimbio minane, mchezo umeshapotea. Tolliver akashusha kidevu, akaenda kituo cha pili. Mdakaji wao, Milo Kopecky, hakurusha mpira. Aliushika tu.

Kanuni iko wazi. Mkimbiaji akienda na upande wa pili usijisumbue kumzuia, hajaiba. Ameachiwa. Mwandishi anaandika Kutojali, na hesabu yake haisogei. Mwizi aliyefunguliwa mlango si mwizi, ni mgeni. Niliandika Kutojali.

Kesho yake kijana alitegua kifundo cha mguu. Msimu kwake umekwisha. Mwambie Eulalie si vibaya sana, anatembea kwa fimbo.

Leander


Cane Fork, Alabama
25 Agosti 1979

Leander!

Salamu sikupi.

Futa!

Ozella


Cane Fork, Alabama
8 Septemba 1979

Kwa mdogo wangu Leander,

Salamu, tena mara mbili kwa sababu zile za juzi ninadaiwa. Mchungaji amenikanya. Hujambo? Hujambo tena? Geraldine naye?

Gazeti lenu linasema una hadi tarehe 10 Oktoba kupeleka daftari ofisi ya ligi, na kabla ya hapo mwandishi anaweza kubadilisha alama akipata ushahidi mpya. Haya, chukua.

Kwanza, picha ya gazetini niliyoambatanisha. Tazama kiwiko cha Kopecky. Kiwiko cha mtu asiyejali hakikai hivyo.

Pili, nimemwandikia muuza njugu wenu, Bwana Orrin Stubb, naye amejibu. Anasema aliona mkono wa mdakaji ukisogea. Ana jicho moja la kioo, ndiyo, lakini ameapa kwamba lile zima ndilo lililokuwa upande wa Kopecky.

Tatu, nimemwandikia mama yake Kopecky. Usinikemee. Bibi Bozena Kopecky amenijibu kurasa sita, nne ni namna ya kupika maandazi ya plamu, mbili ni za mwanawe. Anasema: "Milo wangu hajawahi kutojali kitu chochote. Alipokuwa na miaka saba alilia siku mbili kwa mbwa wa watu aliyekuwa na mafua." Leander, unamjua mtu kuliko mama yake?

Nne, baraza la mashemasi limepiga kura. Tisa wanasema kituo kiliibwa, wawili wamepinga. Hao wawili walidhani tunajadili paa.

Mtoto yule hakuachiwa kitu. Amezaliwa nyumba ya vyumba viwili, watoto wanane, kila alichopata alikiwahi mwenyewe. Leo aje mtu na penseli aseme kaachiwa? Nimekaa naye barazani kwa mama yake. Amekuja na fimbo yake, mpole, anakula tini zangu. Nikamwuliza, "Wewe unasemaje?" Akasema, "Bibi Ozella, mimi nilikuwa nimewapa mgongo. Nilisikia tu kimya. Labda kweli hakuna aliyejali." Nikamwongezea tini. Najua mtu mwingine aliyeondoka hivyo, akisikiliza kimya.

Basi la kanisa bado limeandikwa 118. Hosea anakataa kulifuta.

Dada yako,
Ozella


Wapsie Falls, Iowa
15 Septemba 1979

Dada,

Hatujambo.

Umemwandikia mama wa mdakaji. Miaka kumi na saba nimetukanwa na makocha, nimerushiwa kachumbari ya soseji, lakini sijawahi kuletewa ushahidi wenye unga wa sukari juu yake.

Picha ni kiwiko tu. Stubb angeapa kwamba njugu zake ni za leo. Na kila mama husema hivyo. Mimi nilikuwa pale, nikatazama. Kazi yangu ni kutazama. Mtu anayejali hurusha, hata akikosa.

(Hapa mistari minne imekatwa kwa wino mzito.)

Kwa hiyo alama itabaki. Usiniandikie tena juu ya jambo hili.

Leander


Cane Fork, Alabama
29 Septemba 1979

Mdogo wangu mpenzi,

Hatujambo. Tini zimekwisha. Shangazi Vashti amesinzia, ndiyo maana naweza kuandika.

Wino wako haukutosha, Leander. Niliiweka barua kwenye kioo cha dirisha nikasoma yote uliyokata. Umeandika: "Mimi nakujua kutojali nikikuona. Agosti 1946 nilikaa saa mbili kwenye benchi la nyuma, letu sisi weusi, kituo cha basi cha Cane Fork, na sanduku. Nyumbani ni maili moja tu. Hakuja mtu. Nilisikia kimya." Siku tisa nimekaa na maneno hayo. Nimeanza barua nne, nimezichoma zote.

Mama alinikataza nisikuandikie haya. Alisema, "Asiambiwe kwa karatasi. Akija nitamwambia uso kwa uso." Hukuja, naye akafa akikusubiri. Sasa namvunjia neno lake, anisamehe.

Unakumbuka Baba alisimama mlangoni akasema asikufuate mtu. Mama alitii. Alianika nguo zote, akaanua, akazianika tena zikiwa kavu. Basi lilipopiga honi kule mjini, akatupa kapu chini. Akaniambia, "Ozella, kimbia umzuie, mimi nakuja." Maana mimi ndiye niliyekuwa na mbio. Unajua. Hakuna mvulana wilaya nzima aliyenishinda, hata wewe.

Sikukimbia, Leander. Nilisimama na vibanio vya nguo mkononi. Nilikuwa na hasira kwamba wewe ndiye unakwenda na mimi ndiye ninabaki kuanika. Nikasema moyoni, aende. Aende tu! Mama aliniona nimesimama. Akaingia ndani, akavaa viatu vya kanisani, akidhani dereva atamsikiliza mwanamke aliyevaa vizuri, akakimbia mwenyewe. Mama, na uzito ule.

Alifika njia panda basi likipita. Akapiga kelele, halikusimama. Akavua kiatu akakirusha. Kilipita juu ya dirisha la nyuma kikaangukia katikati ya masanduku juu ya paa, kikaenda na basi. Alirudi peku mguu mmoja. Baba hakuthubutu kumwuliza. Mimi akaniambia tu, "Haya, kimoja kimekwenda naye."

Ndicho hicho kilichobaki, kiko juu ya kabati. Ulisema nikitupe.

Watu wananiuliza bibi wa miaka hamsini na mitano anapendea nini wezi wa vituo. Nawaambia ni mchezo tu. Uongo. Siku ile miguu yangu ilijua la kufanya, nikaizuia. Tangu hapo nikimwona mtu kidevu kimeshuka, anachomoka bila kuuliza nani anatazama, machozi yananitoka. Cephus akikimbia, mimi nafika njia panda kwa wakati.

Kwa hiyo daftari lako lina makosa mawili. Mama alirusha. Asiyejali ni mimi, na niandike hivyo, sitakata rufaa. Mtoto wa Eulalie mfanye utakavyo. Sitakuomba tena.

Ozella


Wapsie Falls, Iowa
6 Oktoba 1979

Dada yangu,

Sisi hatujambo, au tuseme Geraldine hajambo. Mimi sijalala vizuri tangu barua yako ifike.

Nianze na la kazi, ndilo rahisi. Jana nilikwenda kwa Kopecky. Anafanya kazi ya kufunga mabomba mji wa pili. Nilimkuta kichwa kiko chini ya sinki la watu. Nikamwuliza, "Ile Ijumaa kwa nini hukurusha?" Akasema, "Mchezo ulishakwisha, tulikuwa tunaongoza kwa minane, sikujali." Nikamwambia, "Mama yako anasema ulililia mbwa." Spana ikamdondoka. Halafu akatoka chini ya sinki, uso mwekundu kama nyanya. Dada, alirusha! Aliuvuta mkono nyuma, mpira ukamteleza, ukamdondokea kwenye kinga ya kifua ukakwama pale. Akauchomoa akasimama nao kama bwana mkubwa, ili uwanja usimcheke. "Nilijifanya sijali," akasema. "Naomba usimwambie mama."

Nilidanganywa na mtu aliyeona aibu ya kukosa. Nimefuta Kutojali, nimeandika kaiba. Daftari limekwenda leo asubuhi kwa rejista, mia na kumi na nane. Mwambie Hosea rangi yake imetimia. Mwambie Cephus kwa kinywa chako kwamba kile kimya kilikuwa mpira umekwama, na kwamba hakuachiwa.

Sasa lile lingine.

Basi lilifika mji wa Meridian jioni. Sisi weusi wa viti vya nyuma tukasimama kusubiri mizigo. Dereva alipanda juu ya paa, akanirushia sanduku langu, kisha akanyanyua kiatu cha kike, cheusi, kilichopigwa kiwi. Akapiga kelele, "Hiki cha nani? Kuna bibi anaruka mguu mmoja hapa?" Watu wakacheka. Hakuna aliyejibu. Akakitupa kwenye pipa.

Na mimi nilicheka, Dada. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijacheka tangu asubuhi, nikaona angalau kuna jambo la kuchekesha. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sikukitazama mara mbili. Mimi, ambaye watu wananiamini kwa kutazama.

Miaka thelathini na mitatu nimeisimulia hadithi hiyo kama kichekesho. Hapa kijumbani wote wanaijua. Geraldine anaijua. Juzi nilipomaliza kusoma barua yako nikamwambia, "Kile kiatu," naye akaelewa, akanifunika blanketi lake lenye pazia la bafuni.

Wewe usijiandike Kutojali. Nimesoma kanuni tena usiku na mchana. Mtu aliyesimama na vibanio mkononi, akakumbuka miaka yote hiyo alivyosimama, huyo alijali. Mpira ulimkwama tu. Mwandishi ni mimi, na uamuzi wangu ni wa mwisho.

Mizani ya mahindi nimemwachia mtu mwingine kwa wiki moja. Nafika Cane Fork Jumamosi tarehe 13, basi la saa tisa alasiri. Njoo kituoni, na uje nacho kiatu. Mpe dereva akishike juu, aulize kwa sauti kubwa ni cha nani. Safari hii kuna mtu atajibu.

Mdogo wako,
Leander